Malaria Unguja: Je, Tuisikitikie Kinga ya Asili?

Mtu akifika Kendwa, katika Wilaya ya Kaskazini A ya Unguja, akakaa barazani na wazee wa pwani ile, hatachelewa kusikia hoja moja ambayo yastahili kujibiwa na wanasayansi kwa heshima na kwa ukamilifu. Hoja yenyewe ni kwamba watoto wa leo hawana mwili wa kustahimili homa. Zamani, wasema wazee, mtu mzima alishikwa na homa ya mbu asubuhi, na jioni akashuka pwani na ngalawa yake. Leo kijana wa miaka ishirini akiipata malaria huangushwa kitandani kama mgeni aliyeteremka jana kutoka Ulaya. Wengine huongeza kwamba vyandarua na dawa za kupulizia majumbani ndivyo vilivyowadhoofisha vijana, na kwamba ingalikuwa heri malaria kidogo kuachwa, ili miili ipate kuizoea.

Sehemu ya kwanza ya hoja hii ina kweli kubwa ndani yake. Sehemu ya pili ni kosa, na kosa hilo lina historia ndefu. Halikuanzia barazani, lilipata kutetewa na mabingwa waliobobea.

Tuanze na ile kweli. Robert Koch, bingwa wa Kijerumani ambaye mwaka 1897 na 1898 aliifanyia malaria utafiti Dar es Salaam, ndiye aliyeonyesha baadaye, alipokuwa New Guinea mwaka 1900, kwamba katika vijiji vyenye malaria ya kudumu vimelea huonekana kwa wingi katika damu ya watoto wadogo, na kwa uchache sana katika damu ya watu wazima. Mbu waliwauma wote sawasawa. Kilichotofautiana ni miaka ambayo kila mwili ulikuwa umekwisha kukaa na ugonjwa. Ushahidi ulio wazi zaidi ulipatikana Gambia mwaka 1961. Ian McGregor na wenzake walichukua kingamwili, yaani zile protini za damu zinazopambana na maradhi, kutoka katika damu ya watu wazima wa nchi ile, wakawadunga watoto waliokuwa wagonjwa wa malaria. Vimelea katika damu ya watoto hao vikapungua kwa haraka. Mwaka 1963 watafiti hao hao wakaonyesha kwamba kingamwili za watu wa Afrika Magharibi huwafaa pia watoto wa Afrika Mashariki. Kwa hiyo wazee wa Kendwa hawasemi ndoto. Nguvu waliyokuwa nayo ilikuwa kitu halisi, kilichokuwamo katika damu yao, na mtu aliweza kukitoa, kukipima na kumpa mwingine.

Lakini nguvu hiyo ilipatikanaje? Hapo ndipo hadithi ya barazani huishia mapema.

Kimelea cha plasmodiamu falsiparamu, ambacho ndicho kiuacho zaidi katika Afrika, huingia mwilini kwa mate ya mbu jike wa jamii ya anofelesi. Saa moja haipiti ila kimekwisha kufika katika ini, nacho hukaa humo muda wa wiki moja hivi kikizaana kimya kimya, mwenye mwili asihisi lolote. Kisha vimelea hutoka kwa maelfu na kuziingia chembe nyekundu za damu. Kila baada ya saa 48 hivi chembe hizo hupasuka, vimelea vipya humwagika na kuingia katika chembe nyingine, na hapo ndipo baridi na homa humshika mtu. Chembe iliyoingiwa hutokeza juu ya ngozi yake protini ya kimelea, na kwa protini hiyo hujinatisha katika kuta za mishipa midogo ya damu, ili isisombwe hadi kwenye bandama na kuangamizwa humo. Mwili huitambua protini hiyo na kuitengenezea kingamwili. Hata hivyo, tangu mwaka 1995 tunajua kwamba kimelea kimoja kina jeni 60 hivi za protini za jamii hiyo, nacho hutumia moja moja. Mwili ukiisha kulijua vazi moja, kimelea huvaa jingine. Tena sanduku la mavazi la kimelea kimoja si sawa na la kimelea kingine, ingawa vyote viwili vimetoka kijiji kimoja.

Basi mtoto wa mahali penye malaria nyingi hujifunza mavazi hayo moja baada ya moja, homa baada ya homa. Miezi michache ya mwanzo hulindwa kwa sehemu na kingamwili alizorithi kwa mama yake. Zikiisha, huingia vitani peke yake. Akinusurika hadi miaka mitano, hatari ya kufa imepungua sana. Akifika ujanani, huweza kuwa na vimelea damuni na asijisikie mgonjwa. Kinga yake haiviondoi vimelea vyote. Humzuia tu mtu asiugue sana. Nayo hudhoofika asipoumwa na mbu wenye vimelea kwa muda mrefu. Sisi tuliokaa ughaibuni miaka kadhaa kwa ajili ya masomo tulilijua jambo hili nje ya darasa: wengi wetu tuliporejea tulipokewa na homa kabla masika ya kwanza hayajesha, na jamaa zetu wakacheka.

Mwanamke naye ana habari yake ya pekee, ambayo kwa maoni yangu hutajwa kwa uchache mno. Mama aliyekwisha kupata kinga tangu utotoni, apatapo mimba ya kwanza, huwa kama mtu asiye na kinga. Michal Fried na Patrick Duffy walieleza sababu mwaka 1996 kutokana na utafiti uliofanyika Kisumu, na kazi hiyo ikaendelea baadaye Muheza: kondo la nyuma huwapa vimelea mahali papya pa kujinatisha, kwa vazi ambalo mwili haujapata kuliona. Mimba za baadaye huwa na nafuu, kwa sababu mwili umekwisha kujifunza. Lakini aliyeilipa ada ya somo hilo ni mtoto wa kwanza, aliyezaliwa na uzito mdogo au asiyezaliwa hai.

Hiyo ndiyo bei ambayo haitajwi barazani. Mzee asemaye kwamba sisi tulizoea husema kweli juu ya nafsi yake, maana yeye ni miongoni mwa waliobaki. Waliopatwa na degedege wakiwa na miaka miwili, wakafukizwa na kufungwa hirizi, kisha wakazikwa, hawana nafasi ya kuketi barazani wakatueleza kama waliizoea malaria. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2023 malaria iliua watu 597,000. Asilimia 95 kati yao walikuwa wa Afrika, na katika bara hili takriban watatu katika kila wanne walikuwa watoto wasiotimiza miaka mitano. Mwalimu gani mwingine tungemruhusu kufundisha kwa ada ya namna hiyo?

Nilisema kwamba kosa hili lilipata kutetewa na mabingwa. Donald Bagster Wilson alikuwa daktari mtafiti aliyeijua malaria ya Tanganyika kuliko karibu mtu mwingine yeyote wa zama zake. Kuanzia miaka ya 1930 alifanya kazi Tanga na Muheza, akapima bandama za watoto na kuhesabu vimelea katika damu zao, na baadaye akaiongoza taasisi ya malaria ya Afrika Mashariki iliyokuwa Amani, katika milima ya Usambara. Katika uchunguzi wake aliona vyema jinsi kinga ilivyojengeka kadiri umri ulivyoendelea. Kutokana na hayo akawa na hofu: ukipunguza malaria mahali ambapo watu wote wana kinga, kisha usiweze kuendelea, je, hutakuwa umewavua watu nguo na kuwaacha uchi mbele ya adui? Mwaka 1950 Shirika la Afya Duniani lilipoitisha mkutano wa malaria ya Afrika huko Kampala, jambo hili lilikuwa moyo wa mabishano. Upande mmoja ulikuwa wa Wilson na wenzake walioonya kwamba mizani hiyo ya asili isiguswe kwa pupa. Upande wa pili ulikuwa wa akina George Macdonald, waliosema kwamba kinga inunuliwayo kwa vifo vya watoto wengi kiasi kile si hazina ya kuhifadhiwa. Mkutano ukaamua kwamba malaria ipigwe vita kokote iliko, bila kujali wingi wake.

Nampa Wilson heshima yake, kwa kuwa hakung'ang'ania maneno matupu. Aliikubali njia ya majaribio, na kati ya mwaka 1954 na 1959 ukafanyika mradi wa Upare na Taveta, kwenye mpaka wa Tanganyika na Kenya, ambako nyumba zilipuliziwa dawa iitwayo dieldrini. Vimelea vilipungua sana, na vifo vya watoto wachanga vikapungua pia. Dawa ilipokoma, malaria ilirudi pole pole. Walakini vifo havikupanda tena hadi kiwango cha zamani, na sehemu ya sababu, kama walivyoona waliofuatilia, ni kwamba watu walikuwa wamekwisha kuzoea kununua dawa za malaria. Hofu yake kuu, kwamba vingefuata vifo vingi kuliko vya mwanzo, haikutimia huko. Swali lake, hata hivyo, lilikuwa la haki, na jibu lake hutegemea jambo moja tu: utaendelea, au utaacha katikati?

Sisi wa Visiwani tumelijibu swali hilo mara mbili kwa vitendo, na mara zote mbili tuliacha katikati. Mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati zaidi ya nusu ya watu walikuwa na vimelea damuni, ilianzishwa kampeni ya kupulizia DDT kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani. Ilipofika mwaka 1968 waliokuwa na vimelea walikuwa chini ya 10 katika kila 100. Kazi ikafungwa, kana kwamba imekwisha, na haikupita miaka mingi malaria ikawa imerudi. Katika miaka ya 1980 ilianzishwa kampeni ya pili kwa msaada wa Marekani. Nayo ikakoma mwaka 1989, wakati mbu walikuwa wamekwisha kuizoea DDT, na malaria ikarejea tena mahali pake. Watoto waliozaliwa katika vipindi hivyo viwili vya nafuu walikua bila kinga, wakaja kukutana na vimelea wakati ambapo hapakuwa na mtu mlangoni.

Safari ya tatu ilianza Septemba 2003, wakati Zanzibar ilipoacha klorokwini na kuanza kutoa dawa mseto bila malipo. Vyandarua vyenye dawa vikafuata, kisha mwaka 2006 upuliziaji majumbani. Utafiti uliopima mafanikio ya hatua za mwanzo ulifanyika katika Wilaya hii hii ya Kaskazini A, nao ulichapishwa mwaka 2007 na Achuthan Bhattarai, Abdullah Ali, Anders Björkman na wenzao. Kati ya mwaka 2002 na 2005 vifo vya watoto walio chini ya miaka mitano katika wilaya hiyo vilipungua kwa asilimia 52. Hebu msomaji aitazame tarakimu hiyo kwa utulivu. Vifo hivyo ni vya kila namna, si vya malaria peke yake, na vilipungua kwa zaidi ya nusu katika miaka mitatu. Atakaye kuisikitikia kinga ya asili na aende kwanza kwa akina mama wa Kendwa, Nungwi na Mkokotoni waliozaa katika miaka hiyo.

Lakini sasa ndipo tunapowiwa deni. Kijana aliyezaliwa Kendwa mwaka 2005 amekua bila kukutana na vimelea isipokuwa kwa nadra. Sanduku lile la mavazi halijui. Kwa upande wa kinga yeye ni kama yule mgeni wa Ulaya aliyelala hoteli ya jirani, ila mgeni ana vidonge vya kujikinga mfukoni na tiketi ya kurudi kwao. Na Kendwa ya leo haiko pembeni mwa dunia. Hoteli zinajengwa, mafundi na wafanyakazi huja kutoka bara na kwenda likizo kwao, wavuvi wa dago huhama na bahari na kulala ufukweni, mahali ambapo chandarua cha nyumbani hakiwafuati. Vimelea vingi vinavyoonekana Zanzibar siku hizi vina uhusiano na safari za bara, na wagonjwa walio wengi ni watu wazima, si watoto wachanga kama zamani. Silisemi hili kumlaumu mtu. Binadamu hawezi kukatazwa kuvuka bahari kwenda kuwaona wazazi wake. Zaidi ya hayo, mbu aliyebaki kwa wingi, anofelesi arabiensi, hupenda kuuma nje ya nyumba, wakati watu wangali wamekaa wakizungumza. Mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024 wagonjwa waliongezeka ghafla Unguja, hasa Mjini na Magharibi. Huo ulikuwa ukumbusho wa kutosha kwa mwenye kutaka kukumbuka.

Maoni yangu ni kwamba tunapima nusu tu ya jambo. Tunahesabu vimelea na wagonjwa, na kazi hiyo hufanywa vizuri. Lakini vimelea hutuambia habari za leo, wala havituambii mwili unakumbuka nini. Kingamwili ndizo zinazokumbuka. Mwaka 2005 Chris Drakeley na wenzake walionyesha, kwa damu iliyochukuliwa katika vijiji vya Kilimanjaro, Upare na Usambara, kwamba ukizipima kingamwili za watu wa kila umri waweza kusoma jinsi malaria ilivyokuwa mahali pale miaka mingi nyuma, kama msitu usomwavyo katika pete za mti. Kwa kipimo hicho hicho ingewezekana kujua ni shehia zipi za Kaskazini A zenye watu wasio na kumbukumbu yoyote ya malaria, na ni wapi kumbukumbu hiyo imeanza upya kwa watoto, dalili kwamba vimelea vinapita kabla wagonjwa hawajaanza kujaa kituoni.

Elimu ya kufanya hayo haiko mbali. Kilifi, mwendo wa siku chache tu kwa jahazi la zamani, Dakta Faith Osier, daktari wa Kikenya aliyehitimu Nairobi, alitumia miaka mingi kuuliza ni kingamwili zipi hasa zinazomlinda mtoto. Mwaka 2008 yeye na wenzake walionyesha kwamba haitoshi kuwa na kingamwili ya aina moja, hata ikiwa nyingi. Waliolindwa ni watoto waliokuwa na kingamwili nyingi dhidi ya protini nyingi za kimelea kwa pamoja. Baadaye kundi lake likatengeneza kibao kidogo ambacho kwa tone la damu hupima kingamwili dhidi ya protini zaidi ya 100 kwa mara moja. Huo ni utafiti wa pwani yetu hii, uliofanywa kwa damu ya watoto wa pwani yetu hii.

Ng'ambo ya pili kuna Bagamoyo, inayotazamana na Unguja. Huko Taasisi ya Afya ya Ifakara ilijaribu kwa watu wazima chanjo iliyotengenezwa kwa vimelea vizima vilivyodhoofishwa kwa mionzi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha jambo la kutafakari: Watanzania walitoa kingamwili chache kuliko Wamarekani waliopewa kipimo kile kile. Wengi hudhani kwamba miili iliyokaa na vimelea tangu utotoni hujifunza pia kutovijali kupita kiasi, na hivyo huipokea chanjo kwa uvivu. Ikiwa ni hivyo, je, kijana wa Kendwa aliyekua bila vimelea ataipokea chanjo kama Mtanzania wa Bagamoyo, au kama Mmarekani? Ni mwendo wa saa chache kwa boti kati ya pwani hizi mbili; watu ni ndugu, chakula ni kimoja, lugha ni moja, na kilichotofautiana ni historia ya vimelea tu. Katika dunia nzima si rahisi kupata mahali pafaapo zaidi pa kulijibu swali hili, na sioni sababu ya kungoja mpaka chuo cha Ulaya kije kuliuliza kwa niaba yetu.

Swali hili lina uzito wa matumizi pia. Chanjo mbili ambazo Shirika la Afya Duniani limeziidhinisha, ya kwanza mwaka 2021 na ya pili mwaka 2023, zote zikiwa zimepita katika majaribio ya Bagamoyo na kwingineko Afrika, hutangulizwa kwa watoto wa mahali penye malaria nyingi, na ndivyo inavyostahili. Mtoto wa Kendwa hayumo katika safu ya mbele. Kwa hiyo, kwa miaka ijayo, kati yake na kimelea kuna chandarua, dawa ya ukutani, kipimo cha haraka kituoni, na ahadi ya serikali kwamba safari hii hatutafunga kazi kabla ya wakati. Ahadi hiyo huwa ngumu zaidi kutimizwa kadiri wagonjwa wanavyopungua, kwa sababu msaada wa nje hufuata idadi ya wagonjwa, na mhasibu asiyeona wagonjwa huuliza fedha ni za nini.

Ningependa mhasibu huyo aonyeshwe kingamwili. Wahudumu wetu wanajua tayari kuchukua tone la damu kidoleni na kulikausha juu ya karatasi ya kichujio. Karatasi hizo zimekwisha kutumika mara nyingi Visiwani katika kutafuta vimelea. Karatasi zile zile, zikihifadhiwa kavu na kwa baridi, zinatosha kupimia kingamwili. Kinachohitajika ni maabara yenye mashine ya kuzisoma hapa hapa Unguja, vijana wawili au watatu waliofunzwa Kilifi au Bagamoyo na kuajiriwa kwa kudumu, na fungu dogo la bajeti linalorudiwa kila baada ya miaka miwili bila kungoja mfadhili. Kaskazini A ingefaa kuwa ya kwanza, kwa kuwa ndiyo yenye kumbukumbu nzuri za miaka ya 2002 hadi 2006 za kulinganisha nazo. Na kazi hiyo yaweza kuanzia Kendwa na Nungwi, kabla ya masika, wakati wavuvi wa dago wangali nyumbani.